Amplifaya ya hedifoni uliyoiunda imegoma? Anza na mstari wa kati

Ukimaliza kulehemu kipuri cha mwisho, mkono unawasha kuchomeka hedifoni usikie ulichotengeneza. Subiri kwanza. Hedifoni haifai kupimia amplifaya mpya. Haikuambii tatizo liko wapi, na ikipitishiwa umeme wa DC, yaani umeme usiopanda na kushuka kama muziki, koili yake inapata moto na inaweza kuungua moja kwa moja. Chukua mita ya kupimia umeme (multimita).

Ninayoizungumzia hapa ni CMoy, amplifaya ndogo ya betri ya volti 9. Mchoro wake ulitolewa mtandaoni na Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990, na watu wakazoea kuifungia ndani ya kopo la bati la peremende. Vifurushi vingi vya bei nafuu vinavyouzwa leo ni nakala yake au ndugu yake wa karibu: aisii (IC) moja ya miguu 8, ile inayokuza sauti, rezista chache, kapasita chache, poti ya kupandisha na kushusha voliamu, na jeki mbili, yaani matundu ya kuchomekea plagi. Majina ya vipuri kwenye bodi yako yanaweza kuwa tofauti, lakini kazi zake ni zilezile.

Jambo moja ukilielewa, nusu ya safari imekwisha. Betri ina ncha mbili, lakini aisii hii inataka tatu: chanya, hasi, na sifuri ya katikati ambayo muziki unapanda juu yake na kushuka chini yake. CMoy inaitengeneza sifuri hiyo kwa rezista mbili za kilo-omu 4.7 zinazofuatana kutoka chanya hadi hasi, zikisaidiwa na kapasita mbili kubwa, kwa kawaida za maikrofaradi 220. Pale rezista hizo mbili zinapokutana ndipo ninapopaita mstari wa kati. Mstari huo unakwenda kwenye poti, kwenye rezista za kila upande, na kwenye sehemu ya jeki inayogusa pete ya plagi iliyo karibu na waya, ile ambayo kushoto na kulia wanaitumia pamoja. Mtu akiniletea amplifaya iliyogoma, sigusi kitu kingine kabla sijajua mstari wa kati umekaa kwenye volti ngapi.

Vipimo vya mwanzo

Chomoa aisii kwenye soketi yake. Kama umeilehemu moja kwa moja kwenye bodi, utalazimika kupima ikiwa ndani, na safari ijayo tafadhali weka soketi, bei yake ni ndogo sana. Ukiitazama aisii kutoka juu, alama ya nusu duara ikiwa upande ulio mbali nawe, mguu wa 1 uko kushoto juu. Unashuka kushoto hadi wa 4, unavuka kwenda kulia chini kwa wa 5, kisha unapanda hadi wa 8. Hasi ya betri inaingia mguu wa 4 na chanya mguu wa 8.

Washa. Kati ya tundu la 4 na la 8 upate volti zote za betri, tuseme 9.2. Kisha weka waya mweusi wa mita kwenye mstari wa kati na mwekundu kwenye tundu la 8, usome. Hamisha mwekundu hadi tundu la 4, usome tena. Unataka chanya 4.6 na hasi 4.6, au karibu na hapo. Subiri sekunde kadhaa kabla ya kuamini namba, kwa sababu zile kapasita kubwa zinachukua muda kujaa kupitia rezista. Ukikuta 8 upande mmoja na 1 upande mwingine, usiendelee. Ama rezista moja kati ya zile mbili siyo ya 4.7, ama risasi ya kulehemu imeruka kutoka njia moja ya bodi hadi nyingine, ama kapasita kubwa imewekwa kichwa chini. Kapasita hizo zina mstari ubavuni unaoonyesha mguu wa hasi, na iliyogeuzwa inavuja umeme na kuuvuta mstari wa kati upande wake.

Sasa zima, rudisha aisii, teremsha voliamu hadi chini, washa. Weka mita kwenye kipimo cha milivolti za DC na upime kwenye tundu la hedifoni: kutoka mstari wa kati hadi kushoto, kisha hadi kulia. Milivolti chache tu ni sawa. Zikifika 20 tayari kuna kazi ya kufanya, na nitaeleza kwa nini. Zikizidi 50, usichomeke hedifoni unayoipenda.

Kitaa hakiwaki

Hili ni jepesi. Kitaa cha LED kina mguu mrefu wa chanya, na upande wa hasi ukingo wake umekatwa bapa. Kikigeuzwa hakiwaki, lakini amplifaya inaweza kuwa inafanya kazi bila shida, kwa hiyo pima volti kwenye soketi kabla ya kukata tamaa. Kama volti hazifiki kabisa, fuata njia kuanzia betri: kishikio chake, swichi, kisha bodi. Vishikio vya bei ya chini vina meno yaliyolegea, na yanaweza kubanwa kidogo kwa koleo.

Kitaa kinawaka, sauti hakuna

Toa aisii uitazame miguu yake mmoja mmoja. Aisii mpya huja na miguu iliyotanuka kidogo, na ukiisukuma kwa haraka mguu mmoja unajikunja chini ya tumbo lake badala ya kuingia kwenye tundu. Ukitazama kutoka juu huwezi kuona. Igandamize miguu taratibu juu ya meza, safu moja kisha nyingine, ndipo uirudishe.

Kama miguu iko sawa, tazama jeki. Jeki nyingi za bodi zina miguu mitano, na miwili kati yake ni swichi inayoachana plagi inapoingia. Mtu aliyevuta waya kutoka kwenye mguu wa swichi anapata sauti wakati plagi iko nusu tu, kisha ikiingia yote inakatika. Tumia mita kwenye mlio wa kuunganika, plagi ikiwa ndani, uhakikishe kila sehemu ya plagi inafika inapotakiwa.

Upande mmoja kimya, au uko chini kuliko mwingine

Kwanza geuza plagi ya chanzo: badilisha simu, badilisha waya. Tatizo likihama, lilikuwa nje ya amplifaya. Lisipohama, linganisha pande mbili. Huu ndio uzuri wa saketi ya stereo, maana upande mzima ni kielelezo cha upande mgonjwa. Kila namba unayoipata kulia itafute kushoto.

Upande uliokufa kabisa mara nyingi ni lehemu baridi. Lehemu nzuri inang'aa na kuteremka kama kilima kidogo kinachoukumbatia mguu. Lehemu baridi inakaa kama kidonge cha mviringo juu ya bodi, bila kushikana nayo. Gusa tena kwa pasi ya kulehemu iliyopata moto vizuri, mguu na shaba vikipata joto kwa pamoja, ongeza risasi kidogo, toa.

Upande ulio hai lakini hafifu ni kisa kingine, na nimekutana nacho zaidi ya mara moja. Ukuzaji wa kila upande unatokana na rezista mbili, ya kilo-omu 10 na ya kilo-omu 1: gawanya 10 kwa 1, ongeza 1, unapata mara 11. Ukizibadilishana nafasi, unapata mara 1.1, yaani amplifaya haikuzi chochote. Na ni rahisi mno kuzibadilishana. Kwenye rezista za bluu zenye pete tano, ya kilo-omu 1, ya 10 na ya 100 zote zinaanza kahawia, nyeusi, nyeusi, na zote zinamalizika na kahawia. Kinachozitofautisha ni pete ya nne tu: kahawia kwa 1, nyekundu kwa 10, chungwa kwa 100. Chini ya taa ya njano usiku, rangi hizo tatu zinafanana mbele ya macho ya mtu yeyote. Pima kila rezista kwa mita kabla haijaingia kwenye bodi.

Poti nayo ina lake. Ukiteremsha voliamu karibu na mwisho na upande mmoja ukatangulia kunyamaza, si kosa lako. Poti za bei nafuu hazilingani vizuri chini kabisa. Dawa ni kupunguza ukuzaji ili upate kuifungua poti zaidi. Mara 11 ni nyingi kwa simu za leo na hedifoni za omu 32. Toa zile rezista mbili za kilo-omu 1, weka za 2.2, ukuzaji unashuka hadi kama mara 5.5, na kale kasauti ka mchele unaomwagika ambako aisii inakakuza kanashuka pamoja nao. Na kama voliamu inaruka ghafla mwanzoni kisha haibadiliki tena, soma mgongo wa poti: herufi B mbele ya 10K kwa kawaida ni poti ya mstari mnyoofu. Unataka A, inayofuata namna sikio linavyosikia.

Sauti inapasuka, hasa besi ikigonga

Hapa ndipo watu wanapoteza siku nzima. Betri ni mpya, vipimo vya mwanzo vilikuwa sawa, bila hedifoni kila kitu ni 4.6 na 4.6. Unachomeka hedifoni, sauti inakwaruza.

Pima mstari wa kati tena, safari hii kukiwa na mzigo. Usitumie hedifoni. Chukua rezista mbili za omu 33 na uziunganishe kwenye plagi, moja kushoto na moja kulia, zote zikirudi mstari wa kati. Sasa unaweza kukuta upande mmoja volti 6 na mwingine 3. Muziki unaopanda unapata nafasi, unaoshuka unagonga sakafu na kukatwa kichwa. Huko ndiko kupasuka.

Sababu ni udhaifu wa zile rezista mbili za 4.7. Kwa umeme wa DC, mstari wa kati ni kama unafika kwako kupitia rezista ya kilo-omu 2.35. Kwa hiyo kila miliampea moja inayosukumwa ndani yake inausogeza zaidi ya volti 2. Sasa hesabu: tundu la hedifoni likivuja milivolti 20 tu kila upande, na hedifoni ni ya omu 32, kila upande unapitisha kama miliampea 0.6. Pande mbili ni 1.2. Mstari wa kati umeshahama karibu volti 3! Mwenye hedifoni za omu 300 hataona lolote, kwa kuwa kwake mvujo uleule unapitisha sehemu ndogo sana ya umeme huo. Ndiyo maana watu wawili wenye bodi moja wanabishana bila kuelewana.

Basi swali linakuwa: DC hiyo inatoka wapi? Mara nyingi inatoka kwenye aina ya aisii. CMoy ilichorwa kwa aisii kama OPA2134, ambayo milango yake, yaani miguu ya kuingizia muziki, ni ya FET, aina ya transista isiyonywa umeme wa kuhesabika. Vifurushi vya bei ya chini vinakuja na NE5532. Hiyo ni aisii nzuri ya muziki, sina ugomvi nayo, lakini milango yake inanyonya kama nanoampea 200 kila mmoja. Umeme huo unapita kwenye rezista ya kilo-omu 100 ya mlangoni na kuacha milivolti 20, kisha amplifaya inazikuza mara 11: milivolti 220 kwenye hedifoni yako. Mita itaonyesha namba inayokaribiana pande zote mbili, tena yenye alama ya kutoa. Ukiona hivyo, acha kutafuta lehemu mbovu.

Nilinunua aisii mbili zilizoandikwa OPA2134 kwa bei iliyonifurahisha. Zikanipa milivolti hasi 190 pande zote. Nililehemu upya karibu bodi nzima kabla sijaikubali namba ile kwamba ndani ya ganda mlikuwa na kitu kingine kabisa. Tangu hapo mvujo wa DC ndicho kipimo changu cha kwanza cha kutambua aisii ya kughushi. Maandishi yanaweza kuchapwa upya, lakini milango haidanganyi.

Kama unataka kubaki na NE5532, badilisha rezista ya 100 kwa ya kilo-omu 10, na kapasita ya mlangoni kutoka maikrofaradi 0.1 hadi 1 ili besi isipotee. Kisha katika mguu wa ile rezista ya kilo-omu 1 inayokwenda mstari wa kati, ongeza kapasita ya maikrofaradi 47 mfululizo nayo. DC haipiti kwenye kapasita, kwa hiyo inabaki bila kukuzwa, ilhali muziki unakuzwa kama kawaida. Milivolti 220 zinashuka hadi kama 2. Njia ya pili ni kuuimarisha mstari wa kati wenyewe kwa TLE2426, kipuri cha miguu mitatu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ya kugawa volti katikati, chenye uwezo wa kubeba hadi miliampea 20. Mimi ningefanya ya kwanza, kwa sababu inaondoa ugonjwa wenyewe, na vipuri vyake utavipata Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, bila kuagiza popote.

Kama mstari wa kati haukuhama hata kwa mzigo na bado sauti inapasuka ukiongeza voliamu, basi umefika mwisho wa nguvu. OPA2134 haitoi zaidi ya miliampea 40 hivi, na betri iliyoshuka hadi volti 7 inaacha nafasi ndogo sana ya kupanda na kushuka. Punguza voliamu au badilisha betri.

Besi imekimbia

Soma namba kwenye kapasita za mlangoni. 104 ni maikrofaradi 0.1, ndiyo unayoitaka pamoja na rezista ya kilo-omu 100. Hapo besi inaanza kupungua chini ya hezi 16, mahali sikio halijali. 103 ni ndogo mara kumi, na inakata kuanzia hezi 160 kushuka chini. Gitaa la besi na ngoma vinabaki kama kivuli. Ikiwa upande mmoja tu umepata 103, sauti inakuwa nzito sikio moja na nyembamba jingine, na watu huilaumu hedifoni.

Kama kapasita ziko sawa lakini waimbaji wamezama na muziki unasikika kana kwamba uko chumba cha pili, mstari wa kati haujafika kwenye jeki ya hedifoni. Kushoto na kulia vinapigana kupitia hedifoni yenyewe, na kile kilicho sawa pande zote, yaani sauti ya mwimbaji, kinajifuta.

Mvumo na kelele

Amplifaya ya betri haina sababu yake yenyewe ya kuvuma. Ikivuma, inaokota. Gusa ganda la chuma la poti kwa kidole: mvumo ukibadilika, lehemu kipande cha waya kutoka ganda hilo hadi mstari wa kati. Ikivuma kwa nguvu pale tu unapochomeka simu, waya wa mstari wa kati kwenye jeki ya kuingilia haujashika. Ile tit-tit-tit inayosikika kabla simu haijaita ni mawimbi ya simu yenyewe. Kopo la bati linasaidia, na kusogeza simu kunasaidia zaidi.

Aisii inachoma kidole

Zima mara moja. Kama uliiweka kinyume, mara nyingi imekufa, weka nyingine. Kama imekaa sawa, pima umeme unaonywewa: achia jino moja la kishikio cha betri, geuza kishikio ili jino la pili libaki limeshika, kisha weka mita kwenye kipimo cha miliampea kati ya yale mawili yaliyoachana. CMoy yenye OPA2134 inakunywa kama 8, ongeza za kitaa. Ukisoma 30 au 40 bila muziki na bila shoti yoyote, aisii inajitetemesha kwa masafa ya juu usiyoyasikia. Hakikisha kuna kapasita ya 0.1 karibu kabisa na miguu ya 4 na 8, fupisha waya za jeki, na weka rezista ya omu 10 hadi 47 mfululizo kwenye kila njia ya kwenda hedifoni. Aisii za kasi kubwa ndizo zenye tabia hii. Aliyeanza juzi na abaki na za mwendo wa wastani.

Nje ya kopo inafanya kazi, ukifunga inakufa

Kopo la bati linagusana na jeki, kwa hiyo kopo zima ni mstari wa kati. Njia yoyote ya hasi au chanya chini ya bodi ikigusa bati, nusu moja ya betri imepigwa shoti. Weka kadi ngumu au plastiki chini ya bodi, na tepu chini ya betri.

Shoti hiyohiyo inakuja kwa mlango mwingine, na huku kwetu ni wa kawaida. Mtu amechoka kununua betri, anavuta waya kutoka kwenye betri ya sola ya volti 12, ileile inayochaji simu anayosikilizia. Kwenye chaja ya kawaida ya aina hiyo, hasi ya sola inafika hadi mwili wa simu. Waya wa muziki unautoa mwili wa simu na kuupeleka mstari wa kati. Kwa hiyo hasi na mstari wa kati vimekuwa kitu kimoja, nusu ya chini haina volti hata moja, na sauti inatoka imekatwa vibaya au haitoki. Chomoa simu kwenye chaja, inapona papo hapo. Lipo suluhisho la kudumu, nalo ni kuipa amplifaya betri yake peke yake. Betri ya kuchaji ya volti 9 ya NiMH imeandikwa 8.4 na inatosha kabisa. Za lithiamu zenye tundu la USB huwa na kisaketi cha kupandisha au kushusha volti ndani, na kwenye hedifoni zinazosikia vizuri utasikia mluzi wake nyuma ya muziki.